KIKULACHO KI NGUONI MWAKO: Adui wa ndani katika historia ya Masisi na Walikale



Kila mara mji au kituo cha jeshi kinapoanguka hapa kwetu, neno la kwanza linalotoka mdomoni mwa watu ni moja: "Tumeuzwa." Mama wa sokoni anasema hivyo, mwanafunzi anasema hivyo, hata askari mwenyewe anayekimbia na bunduki begani anasema hivyo hivyo. Na mara nyingi hawakosei. Ila tukisha kusema tumeuzwa, tunaruka haraka kwenye swali moja tu: nani ametuuza? Kisha tunaanza kuangalia majina, makabila na sura za watu. Swali lingine hatuliulizi: aliwezaje kutuuza? Nani alimpa ufunguo, nani alimwachia daftari, na kwa nini hakuna aliyehesabu?

Leo tuangalie historia yetu wenyewe kwa swali hilo la pili. Nitasema wazi tangu mwanzo ninachotaka kuonyesha: usaliti wa ndani Masisi na Walikale haukutoka katika damu ya watu. Ulitoka katika namna jeshi lilivyoundwa, namna mshahara ulivyolipwa, na namna madini yalivyolindwa. Kwa hiyo dawa yake pia iko pale.

KAZI YENYEWE NI NINI?

Kuna kazi ya kupeleleza adui. Kuna pia kazi ya kumzuia adui asikupeleleze wewe, asiingie kwako na asinunue mtu wako. Hii ya pili inasikika kidogo, lakini ndiyo inayolinda depo ya silaha, siri za vita, sanduku la pesa na mizani ya madini.

Katika nchi yetu kazi hiyo imebadilisha majina mengi. Wakati wa Mobutu kulikuwa na CND, ikaja AND, ikaja SNIP. Tangu mwaka 1997 tuko na ANR kwa upande wa raia, na jeshi liko na biro yake ya habari. Wale waliokuwa Goma wakati wa RCD wanakumbuka "Bureau Deux". Ukisikia jirani amepelekwa pale, unapiga magoti na kusali. Hapo ndipo shida yetu ya kwanza ilipo: kwa miaka mingi vyombo hivi vilipenda zaidi kumchunga raia anayesema kuliko kumchunga mkubwa anayeiba. Mwandishi wa habari alifuatwa mpaka nyumbani, lakini lori lililotoka depo usiku halikuulizwa linaenda wapi. Serikali ya Mobutu ilikuwa na masikio kila kona, na bado mwaka 1996 na 1997 jeshi lake lilisambaratika kama nyumba ya majani.

MWAKA 1998 NA MWAKA 2001

Mfano mkubwa kuliko yote uko juu kabisa ya nchi. AFDL iliingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997. Baadaye mkuu wa majeshi ya Kongo akawa James Kabarebe, ofisa wa Rwanda. Haikuwa siri, kila mtu alijua. Julai 1998 Laurent-Désiré Kabila akamwondoa, na mwisho wa mwezi huo akaamuru askari wa Rwanda warudi kwao. Tarehe 2 Agosti uasi ukaanza Goma. Siku mbili tu baadaye ndege zilizochukuliwa Goma zilikuwa zinatua Kitona, upande ule mwingine wa nchi, karibu na bahari. Aliyeongoza operesheni hiyo alikuwa Kabarebe mwenyewe.

Hebu fikiri. Mtu aliyejua kila kambi, kila komanda, kila bohari, na askari gani hawajalipwa, ndiye aliyerudi kama adui wiki chache baada ya kutoka ofisini. Hakuhitaji jasusi, kwa sababu ramani yote ilikuwa kichwani mwake. Kinshasa iliokolewa na majeshi ya Angola na Zimbabwe, siyo na ulinzi wa siri wa nchi.

Serikali ilijibu vipi? Badala ya kuuliza ni nani aliweka funguo zote za nchi katika mkono mmoja, mitaa ya Kinshasa ikaachiwa iwinde watu kwa sura zao. Watutsi, na wengine waliofananishwa nao tu, walikamatwa, walipigwa, wengine wakauawa hadharani. Waliopanga vita hawakuwa mitaani; walikuwa Kitona na Goma. Aliyekufa ni mwalimu, mfanyabiashara, mwanafunzi. Kumtafuta adui kwa sura kulimkosa adui na kukampata jirani.

Kisha tarehe 16 Januari 2001 Kabila mwenyewe akapigwa risasi ndani ya ofisi yake, na mlinzi wake, Rashidi Kasereka. Alikuwa mmoja wa wale kadogo, watoto waliochukuliwa na AFDL katika vita vya 1996. Familia nyingi za Kivu zinajua habari ya watoto hao: walitoka shuleni, wakashika bunduki, wengi hawakurudi. Miezi miwili kabla, Novemba 2000, Anselme Masasu Nindaga, aliyekuwa mwanzilishi mmoja wa AFDL na kipenzi cha kadogo wengi wa Kivu, alikuwa ameuawa kwa amri ya mahakama ya kijeshi. Zaidi ya watu 100 walishitakiwa kwa kifo cha rais, na mpaka leo Wakongo wanabishana nani alikuwa nyuma. Lakini hili halina ubishi: vijana wenye kinyongo kizito waliachwa wakae mlangoni mwa mtu waliyemwona ndiye sababu ya kinyongo hicho. Mtu mwenye kazi ya kuzuia hatari ya ndani angeanza pale pale, bila kungoja risasi.

MASISI: KUCHANGANYA BILA KUCHANGANYA

Sasa tuje nyumbani. Baada ya makubaliano ya kumaliza vita, serikali ya mpito ya 2003 ilipaswa kuunda jeshi moja, FARDC, kutoka katika makundi yaliyokuwa yanauana jana. Njia iliyochaguliwa iliitwa "brassage": askari wanatoka katika kundi lao, wanaenda katika kituo, wanachanganywa na wengine, kisha wanatumwa mbali na kwao. Mushaki, hapa hapa Masisi, ilikuwa moja ya vituo hivyo. Wazo lilikuwa zuri. Askari akitenganishwa na komanda wake wa zamani, akilipwa na Leta, atamtii nani? Leta.

Laurent Nkunda na watu wake walikataa kwenda mbali. Basi Januari 2007 ikaja njia ya mkato, "mixage". Watu wa Nkunda waliunganishwa na maaskari wa serikali katika burigade zilizoitwa kwa majina ya herufi, Alpha, Bravo na kuendelea, lakini wakabaki Kivu ya Kaskazini, chini ya makomanda wao. Kwa karatasi ni jeshi la taifa. Kwa vitendo, ofisa wa burigade anapokea amri mbili: moja ya redio kutoka Goma, nyingine ya simu kutoka kwa bwana wake wa zamani. Zote mbili zikigongana, atafuata ya nani? Kabla mwaka haujaisha kila kitu kilikuwa kimevunjika. Desemba 2007 FARDC waliichukua Mushaki na kuipoteza ndani ya siku chache. Kituo kilichojengwa kuunganisha jeshi kikawa uwanja wa vita vya jeshi hilo na watu waliokuwa ndani yake.

Je, tulijifunza? Januari 2009 Nkunda alikamatwa Rwanda, na CNDP ikaingizwa jeshini kwa haraka, katika wiki chache. Makubaliano yakasainiwa Goma tarehe 23 Machi 2009. Bosco Ntaganda, ambaye tayari alikuwa anatafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (CPI) kwa mambo ya Ituri, akawa komanda msaidizi wa operesheni katika Kivu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika ripoti baada ya ripoti kwamba Masisi iliendelea kuwa na utawala wa pembeni: barieri zao, kodi zao, silaha zilizofichwa, mashamba yaliyolindwa na maaskari wa Leta. Watu wa Masisi hawakuhitaji kusoma ripoti hizo. Walikuwa wanalipa barieri.

Aprili 2012 uasi ukaanza Masisi. Mei jina la M23 likatangazwa, na mwezi huo huo jeshi likatangaza kwamba limekuta tani 25 za silaha katika shamba la Ntaganda. Tani 25! Silaha za uzito huo hazifichwi mfukoni. Ziliingia kwa magari, zikapita barabarani, mbele ya watu wenye vyeo na mbele ya watu wa usalama. Tarehe 20 Novemba 2012 Goma ikaanguka.

Usaliti wa 2012, kwa hiyo, haukuwa siri iliyogunduliwa kwa kuchelewa. Ulijulikana miaka mitatu, ukasainiwa katika mikataba, ukavumiliwa kwa sababu kila mkubwa alikuwa anapata kitu. Ndiyo maana kusema tu "kulikuwa na wasaliti" haitoshi.

WALIKALE: WALINZI WA MAWE

Watu wengine watasema, "Hayo ni ya CNDP." Basi tupande mpaka Walikale, kwa sababu kule hadithi ni ile ile na watu ni tofauti.

Bisie ilianza kuchimbwa kasiterite mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa muda fulani sehemu kubwa sana ya kasiterite yote ya Kivu ya Kaskazini ilitoka katika kilima hicho kimoja. Watu walibeba mizigo kwa mgongo katika msitu, ndege ndogo zikatua juu ya barabara pale Kilambo, mzigo ukaenda Goma. Na nani alilinda? Burigade ya 85 ya FARDC, iliyotokana na Mai-Mai na ambayo haikupita katika brassage, chini ya kanali Samy Matumo. Ilikaa pale miaka, ikitoza wachimbaji, ikitoza njia, ikimiliki mashimo. Machi 2009 ikaondolewa, wakaja wengine, wengi wao waliotoka CNDP. Kodi haikuisha. Ilibadilisha mkono tu.

Sheria ya madini ya mwaka 2002, ibara ya 27, inakataza askari, polisi na watu wa usalama wasiwe na haki za madini. Kwa hiyo sheria ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuitekeleza ambaye hakuwa na shimo lake.

Kutoka katika mazingira hayo akatokea Ntabo Ntaberi Sheka, aliyefanya biashara ya madini kabla ya kuunda kundi lake la NDC mwaka 2009. Ripoti za Umoja wa Mataifa zilieleza kwamba maofisa wa ile burigade ya zamani walimsaidia kuanza. Kundi lake ni moja ya yale yaliyoshambulia vijiji vya njia ya Luvungi kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, ambako mamia ya wanawake walibakwa. Hati ya kumkamata ilitoka Januari 2011, na mwaka huo huo akagombea ubunge Walikale. Alijisalimisha Julai 2017, akahukumiwa kifungo cha maisha Novemba 2020. Miaka kumi kati ya Luvungi na hukumu. Akina mama wa Luvungi ndio waliolipa bei ya wale walinzi wa mawe.

Biashara nayo haikupona. Baadaye ukaja mfumo wa vibandiko: kila mfuko wa madini unafungwa kibandiko chenye namba, ili mnunuzi wa Ulaya au Asia ajue unatoka shimo safi. Kazi ya kufunga inafanywa na mtumishi wa Leta. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika zaidi ya mara moja kwamba vibandiko viliuzwa kwa magendo. Mfumo wote wa kimataifa, na makaratasi yake yote, unategemea mtu mmoja chini ya turubai mwenye mshahara unaochelewa na mfuko wa vibandiko mkononi. Ukimwacha peke yake na njaa, utashangaa nini akiuza?

RISASI ZETU WENYEWE

Novemba 2012, siku mbili baada ya Goma kuanguka, Rais Joseph Kabila alimsimamisha kazi jenerali Gabriel Amisi, mkuu wa jeshi la nchi kavu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imemtaja kama mkubwa wa mtandao uliouza silaha na risasi kwa wawindaji haramu na makundi, pamoja na Raia Mutomboki wanaojulikana sana Walikale na kusini ya Masisi. Mwaka 2014 alisafishwa na wakubwa wa ulinzi, akapewa kazi nyingine. Lakini raia hakuonyeshwa hesabu ya depo: ziliingia risasi ngapi, zikatoka ngapi, nani alisaini. Bila hesabu hiyo mwenye kosa na asiye na kosa wote wanabaki na wingu juu ya kichwa.

Mwaka huo huo wa 2014, tarehe 2 Januari, upande wa Beni katika jimbo letu, kanali Mamadou Ndala, shujaa wa vita vya kuifukuza M23, aliuawa katika mtego wa barabarani. Wengi walidhani ni ADF peke yao. Novemba mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo luteni kanali wa FARDC kwa kushirikiana na adui. Msafara ulijulikana saa na njia. Habari hiyo ilitoka ndani.

HATA WAKUBWA WA DUNIA

Tusidhani ni laana ya Kongo. Marekani, Aldrich Ames wa CIA aliwauzia Warusi majina ya watu wa siri kuanzia 1985. Alinunua nyumba ya dola 540,000 kwa pesa taslimu, huku mshahara wake haufiki dola 70,000 kwa mwaka. Wenzake waliiona nyumba, waliona na gari. Alikamatwa 1994 tu. Robert Hanssen wa FBI alifika mbali zaidi: wakati fulani yeye mwenyewe alipewa kazi ya kuchunguza nani anavujisha siri, kumbe ni yeye. Kabla ya kumkamata mwaka 2001, wachunguzi walimwandama kwa muda mrefu ofisa wa CIA asiye na kosa lolote, kwa sababu "alifanana" na mtu waliyemfikiria.

Hata kwao, kufuata hisia kulimwumiza asiye na hatia. Kumbe kufuata pesa kungemfikia Ames mapema. Hapa kwetu ni vilevile: mtu mwenye mshahara usiofika dola 200 akijenga hoteli, swali si kabila lake. Swali ni risiti zake.

NINI KIMESAIDIA?

Siyo kwamba hakuna kilichofanya kazi. Zamani mshahara wa askari ulitoka Kinshasa ukapita mkononi mwa komanda. Komanda aliongeza majina ya wafu na ya watu wasiokuwepo, akakata ya walio hai. Askari akabaki na njaa na bunduki. Kuanzia 2005, kwa msaada wa ujumbe wa Ulaya ulioitwa EUSEC, njia ya mshahara ilitenganishwa na njia ya amri, na askari wakahesabiwa mmoja mmoja kwa alama za vidole. Majina mengi sana ya hewa yakaanguka. Baadaye malipo yakaanza kupitia benki, ingawa benki haifiki kila kituo cha msituni. Jambo hili dogo la makaratasi lilizuia wizi ambao pengine maaskari wa usalama mia wasingeuzuia.

Kanuni yake ni rahisi, na inafaa jeshi, kampuni, shirika la misaada, hata koperative ya wachimbaji: anayeshika ufunguo asishike daftari, na anayeshika daftari asiwe peke yake kusaini. Watu wahamishwe kwa zamu, wasizeeke katika barieri moja. Walipwe kwa wakati. Mtu anapoondolewa kazini, funguo zibadilishwe siku hiyo hiyo, si baada ya mwezi. Na yule mdogo anayeona lori la usiku awe na mahali pa kusema bila kuuawa.

Wengi wetu tuliomaliza masomo ndio tunaopata kazi hizo: katibu wa ofisi, mtunza bohari, mhasibu, mpima madini, msimamizi wa magari. Mara nyingi hatuna cheo, lakini kalamu tunayo. Kila tani ya silaha na kila mfuko wa kasiterite uliopita kwa njia mbaya kati ya Masisi, Walikale na Goma ulipita pia mbele ya mtu mwenye kalamu, ambaye alisaini, au alinyamaza kwa sababu aliogopa, au hakulipwa.

Na leo, wakati vita vimerudi na watu wanaitana "msaliti" sokoni na kwenye simu, tuwe waangalifu mara mbili. Neno hilo limeua watu wengi wasio na kosa, Kinshasa mwaka 1998 na hapa kwetu pia, na halijawahi kufunga depo hata moja. Mtu akikuambia "fulani ametuuza", usimwulize fulani ni wa kabila gani. Mwulize: aliuza nini, alikipata wapi, nani alikuwa na ufunguo, na nani alipaswa kuhesabu? Akishindwa kujibu, hiyo bado ni uvumi, na uvumi hapa kwetu unabeba panga.

Wazee waliokuwa Mushaki mwaka 2007, na waliopanda Bisie miaka ile, mtujalizie mliyoyaona.